Hita Imekufa, Kodi Imeshaliwa



Leo siandiki kuhusu tume ya uchaguzi wala katiba mpya. Hayo tutayarudia, na msimamo wangu mnaujua. Leo naandika kuhusu bafu langu.

Najua wapo watakaocheka. Chekeni, halafu mkimaliza someni mpaka mwisho, kwa sababu kwenye bafu hilo mdogo wangu wa kike, mwanafunzi wa kidato cha tatu, alinusurika kufa mwezi Juni mwaka huu. Na mwenye nyumba ile si mtu wa chama tawala. Ni mtu wetu. Ana kadi yetu mfukoni na bendera yetu inapepea juu ya geti lake.

Nimeombwa nikaushe. Nimekaa kimya wiki tatu nikitafakari, nimeshindwa. Jina lake sitalitaja, na mtaa sitautaja, kwa sababu shida yangu si kumwaibisha mzee mmoja. Wazee wa namna hiyo wako kila mtaa wa nchi hii, na vijana wa namna yangu tuko kila chumba cha uani.

MAJI YA MOTO MASAA 24

Naishi Mbeya. Ambao hamjawahi kulala Mbeya mwezi wa sita na wa saba, waulizeni wenzenu. Usiku joto linashuka chini ya nyuzi 10, na asubuhi maji ya bomba yanauma mpaka kwenye mifupa. Kwa hiyo dalali wa Mbeya akikwambia nyumba ina maji ya moto, hakuuzii anasa. Anakuuzia kitu ambacho kwa watu wa Dar ni sawa na feni mwezi wa pili.

Mwezi Aprili dalali alinipeleka kwenye nyumba yenye wapangaji sita. Vyumba viwili, jiko, choo ndani. "Bosi, hapa unabonyeza swichi tu, unaoga kama uko hotelini. Masaa 24." Nyumba za aina hiyo mtaa ule ni 150,000 kwa mwezi. Hii 180,000. Nikauliza hiyo 30,000 ya juu ni ya nini. Dalali akanyoosha kidole bafuni: ile hita.

Nikalipa. Miezi sita kwa mkupuo, 1,080,000, na mwezi mmoja wa dalali, 180,000. Jumla 1,260,000. Nusu ilikuwa akiba yangu ya mwaka na nusu nilikopa kwenye kikundi. Tarehe 15 Aprili nikahamia na mdogo wangu.

Hita ilifanya kazi wiki sita.

Mwisho wa Mei ikaanza kukata. Ukiwasha, dakika mbili breka inashuka. Nikampigia mzee, akamtuma fundi wake. Fundi yule alikaa robo saa, akatoa breka ya zamani akaweka kubwa zaidi, akasema tayari. Kweli haikukata tena. Mimi sikusomea umeme, nikamshukuru na nikampa hela ya soda.

Sasa nawaeleza nilichokuja kukijua baadaye, na nawaomba kila anayeishi nyumba yenye hita akishike, kinaweza kuokoa mtu. Hita ile ya bafuni inakula wati 5,500. Ukigawanya kwa volti 230 unapata ampia kama 24. Hiyo inataka waya mnene wa kwake peke yake, breka ya kwake, na ethi iliyofungwa sawasawa. Ya kwetu ilikuwa imevutwa na waya mwembamba wa taa, wa 1.5. Breka ilipokuwa inakata haikuwa mbovu. Ilikuwa inapiga kelele kwamba waya unaungua. Fundi wa mzee akainyamazisha kwa kuweka breka kubwa. Waya ukaendelea kuungua kimyakimya ndani ya ukuta mpaka ganda lake likayeyuka na moto ukagusa bomba. Na ethi hakuna. Nyumba nzima haina hata fimbo ya ethi.

Kwa hiyo asubuhi moja ya Juni, saa kumi na moja na nusu, mdogo wangu aliposhika koki akiwa amelowa, umeme haukuwa na njia nyingine ya kwenda chini isipokuwa mwili wake.

Ulimrusha. Nashukuru Mungu ulimrusha, kwa sababu ungemng'ang'aniza nisingekuwa naandika kuhusu hita, ningekuwa naandika tanzia. Nilimkuta sakafuni, mkono hausikii, anatetemeka, hawezi kuongea. Hospitali walimpima moyo wakamweka mpaka jioni. Yuko hai. Mpaka leo haingii bafuni bila kuniuliza kama nimezima meini swichi.

"SISI TUMEKUA BILA HITA"

Jioni ile nilikwenda kwa mzee. Nikamwamkia, akaitikia marahaba kama kawaida yake, akanikaribisha kiti. Nikamweleza.

"Poleni sana, mwanangu. Si mzime tu, mtumie jiko? Sisi tumekua bila hita na tuko hai."

Nikamwambia, mzee, lakini tunailipia.

"Mmeitumia nyie, imeharibika mkononi mwenu. Na mkataba unasema matengenezo madogo madogo ni ya mpangaji."

Nilirudi nikausoma ule mkataba. Ni ule wa kununua steshenari, ukurasa mmoja, unajaza majina kwenye nukta. Una masharti 10. Yote 10 ni ya mpangaji: asipige kelele, asiongeze mtu, asichelewe, asipigilie msumari. La mwenye nyumba hakuna hata moja. Yaani ni katiba ya mfalme, raia ana wajibu tu.

Nikatafuta fundi mwingine, mwenye leseni. Akafungua ukuta, akanionyesha waya mweusi kama mkaa. Akaandika gharama: hita mpya, waya unaostahili, breka, ethi na ufundi, 195,000. Nikaipeleka kwa mzee. Akaikunja akaiweka mfukoni mwa shati. Iko huko mpaka leo.

Hebu tupige hesabu, maana wenzetu wanapenda kusema vijana wa upinzani tunalalamika bila takwimu. Wapangaji sita, kila mmoja analipa 30,000 zaidi kwa ajili ya hita. Hiyo ni 180,000 kwa mwezi, 2,160,000 kwa mwaka. Kurekebisha moja kunamgharimu kiasi cha mwezi mmoja na siku tatu hivi za hela ya hita peke yake, kodi yenyewe hajaigusa. Na mimi peke yangu, kwa miezi yangu sita, nilishampa 180,000 ya hita tangu siku ya kwanza. Hela ya kutengeneza iko kwake. Ni yangu. Imeshaliwa.

Wakati huohuo nanunua mkaa wa 1,500 kila siku kuchemsha maji ya watu wawili. Ni 45,000 kwa mwezi. Jumlisha na ile 30,000 ya hita iliyokufa: 75,000 kila mwezi ili mtoto aende shule akiwa ameoga.

SHERIA INASEMAJE

Wengi wetu tunaamini mwenye nyumba akitengeneza kitu ametufanyia hisani. Mimi pia niliamini hivyo mpaka mwaka huu. Si kweli.

Tuna Sheria ya Ardhi ya 1999. Kifungu cha 88 kinasema kila mkataba wa pango unahesabika kuwa na ahadi za mwenye nyumba, hata kama hazikuandikwa. Kwamba mpangaji ataishi kwa utulivu bila kubughudhiwa. Kwamba pale jengo linapopangishwa kwa sehemu, paa, kuta kubwa, mifereji mikuu na mitambo ya pamoja ni juu ya mwenye nyumba kuitunza. Na kwamba nyumba au chumba cha kuishi kinafaa binadamu kukaa siku ya kwanza, na kitaendelea kufaa muda wote wa mkataba.

Sheria haitaji neno hita, nakubali. Lakini naomba mwanasheria yeyote asimame anieleze jinsi nyumba inayorusha watoto bafuni inavyofaa binadamu.

Sasa utauliza, kama sheria ipo, tatizo liko wapi? Tatizo ni kwamba sheria tuliachiwa, meno yaking'olewa. Mwaka 1984 nchi hii ilitunga Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba. Ilikuwa na kodi ya kiwango, na ilikuwa na mabaraza ya nyumba ambayo mpangaji angeweza kuyaendea. Haikuwa sheria nzuri kwa kila kitu, na mabaraza yale hayakuwa ya malaika. Lakini palikuwa na mlango wa kugonga. Mwaka 2005 Bunge, ambalo wabunge wake wengi walikuwa wa chama kilekile tunachokijua, likaifuta. Likafuta bila kutuwekea kitu kingine mahali pake cha kusimamia pango la nyumba za kuishi. Kijana aliyezaliwa mwaka ule leo ni mpangaji, na hajui kwamba aliwahi kuwa na mlango.

Kilichobaki ni safari. Unaanzia baraza la kata. Tangu marekebisho ya 2021 baraza hilo kazi yake ni kusuluhisha tu, halitoi hukumu. Likishindwa ndani ya siku 30, ndipo unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, kule kule wanakogombania mashamba na viwanja vya mamilioni. Hebu niambieni nani atasimama foleni hiyo kwa ajili ya hita ya 195,000, wakati mkataba wake wote una miezi sita. Kesi ikifika kwenye kutajwa, wewe umeshahama.

"KAMA HUPENDI, HAMA"

Kila nikisimulia habari hii anapatikana mtu wa kuniambia: soko huria, kama hupendi, hama.

Sawa, nihame. Soko huria maana yake nikikuta chapati imeungua naenda kwa mama ntilie wa pili. Lakini mimi nimelipia chapati za miezi sita, mama ntilie ameshafunga hela kwenye kanga, na ili niende kwa wa pili natakiwa nilipie nyingine za miezi sita. Kuhama ni 1,260,000 nyingine na hela ya kirikuu ya kubebea vitu. Ile ya kwanza hairudi. Hapo hakuna soko. Hapo kuna mateka.

Ndiyo maana nasema hita si ugonjwa wenyewe. Kinachotuua ni kodi ya miezi sita. Mtu akishashika hela yako ya nusu mwaka, simu yako ya kwanza anapokea, ya pili anasema yuko mjini, ya tatu haipatikani. Atatoka wapi haraka ya kutengeneza? Ungekuwa unalipa mwezi kwa mwezi, ile breka ingekatika tarehe 28, na tarehe mosi mzee angekuwa mlangoni kwako na fundi wa kweli.

Sisi wa siasa tunalijua jambo hili kuliko mtu yeyote. Si ndiyo yule mbunge anayepita, kisha tunamwona tena baada ya miaka mitano? Tunamlaani kwenye majukwaa kwamba ameshapata kura zetu, hana cha kupoteza. Mwenye nyumba aliyeshika kodi ya miezi sita ni yuleyule, kavaa msuli badala ya suti.

Angalieni na Kiswahili chetu. Unachompa mwenye nyumba kinaitwa kodi, na unachoipa serikali kinaitwa kodi. Neno moja. Tukiwa mitandaoni tunapaza sauti: tunalipa kodi, barabara iko wapi, dawa ziko wapi? Sawa kabisa. Basi na huku chini tuulize vilevile: nimelipa kodi, maji ya moto yako wapi? Anayepokea kodi ana deni. Iwe ikulu, iwe uani.

Na siku hizi kodi zote mbili zimekutana kwenye mita. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa kupitia LUKU. Ilianza 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, mwaka 2023 ikapanda hadi 1,500. Jengo ni la mwenye nyumba, anayenunua umeme ni mpangaji. Tulipouliza tukaambiwa tukaelewane na wenye nyumba wetu. Tukaelewane! Nielewane nini na mtu ambaye hita iliyompiga mtoto shoti ameikunja mfukoni? Pale kwetu LUKU ni moja, tunachangishana sita. Mzee hajawahi kurudisha hata mia. Serikali imehamisha mzigo wa mwenye nacho ikamtwisha asiye nacho, kisha ikanawa mikono. Hilo ni kosa la watawala, na nitalisema mchana kweupe.

LAKINI HUYU NI MZEE WETU

Sasa nifike palipo pagumu.

Mwaka 2016 mikutano ya hadhara ilipopigwa marufuku, mpaka Januari 2023 ilipofunguliwa, ua wa mzee huyu ulikuwa ndio ukumbi wetu. Viti vyake, chai yake. Amewahi kulala rumande kwa ajili ya chama hiki, wakati baadhi yetu tunaoandika kwa herufi kubwa mitandaoni tulikuwa bado tunavaa kaptula za shule. Nyumba ile ameijenga kwa kiinua mgongo chake cha utumishi, tofali kwa tofali, na hana pensheni ya maana. Hayo yote nayajua na nayaheshimu. Ndiyo maana nilikwenda kwake mara nne kabla ya kumwambia mtu mwingine yeyote.

Baada ya mara ya nne tuliandika barua, wapangaji wanne kati ya sita. Wawili waliogopa na siwalaumu, mmoja ana mtoto wa miezi miwili. Tuliandika kwa adabu, tukataja kifungu cha 88, tukaambatanisha gharama ya fundi. Tuliomba mambo mawili tu: atengeneze, au akiruhusu sisi tutengeneze na tukate kwenye kodi ijayo.

Jibu lilikuja kwa mdomo, kupitia kijana wake. Hita zote sita zimezimwa kwenye meini swichi. Na walioandika barua wajiandae, Oktoba mikataba haitaendelea.

Nilikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Mnamjua ni wa chama gani. Alinisikiliza mpaka mwisho, akacheka. "Si nyie wa chama kimoja? Malizaneni wenyewe. Mkishachukua nchi mtatengeneza na hita."

Makamanda, nimetukanwa mara nyingi kwa ajili ya chama hiki. Nimeitwa kibaraka, nimeitwa mhuni. Hakuna tusi lililonichoma kama lile, kwa sababu sikuwa na jibu.

Nikaenda tawini kutafuta jibu. Katibu wangu ni mtu mzuri, ninampenda. Akanivuta pembeni. "Kijana, mambo ya ndani tusiyaanike. Mzee ni nguzo. Wapinzani wetu watatucheka." Nikamwambia katibu, wameshatucheka.

Nikamuuliza na jambo lingine, na hili nawauliza na nyie. Ikitokea mtumishi wa chama tawala ameacha waya wazi, mtoto wa mpangaji akapigwa shoti, si kesho yake tungekuwa na bango? Si tungetengeneza picha na kusambaza kwenye magrupu mpaka saa sita usiku? Basi kama haki tunaipima kwa rangi ya kadi, tusiwadanganye watu kwamba tunadai haki. Tunadai zamu.

NINACHOKITAKA

Najua kuna watakaosema huyu anataka kunyang'anya watu nyumba. Mwaka 1971 serikali ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya kuanzia 100,000 ya wakati ule. Siombi hilo na sitaki lirudi. Nyumba ya mzee ni ya mzee, na apate faida yake. Ninachotaka kinaenea kwenye karatasi moja.

Kwanza, chama chetu kiandike kwenye ilani, kwa maneno yanayosomeka, kwamba tutaleta sheria ya pango la nyumba za kuishi. Malipo ya awali yasizidi mwezi mmoja, ukizidisha sana mitatu kwa makubaliano. Matengenezo ya kitu cha hatari, kama umeme, yawe na siku za kuhesabika, siku saba, siyo "mambo yakiwa mazuri". Zikipita, mpangaji atengeneze na kukata kwenye kodi kwa risiti. Na pawepo mlango wa kugonga, wa haraka na wa bei ya chini, kwa mashauri madogo ya nyumba. Matamko ya viongozi kwamba wenye nyumba waache kudai miezi sita tumeshayasikia miaka mingi. Tamko halikamati mtu. Sheria inakamata.

Pili, nyumba isipangishwe bila ethi na bila fundi mwenye leseni kusaini kwamba mfumo wa umeme uko salama. Gari bovu barabarani linasimamishwa na trafiki. Bafu bovu linaua na hakuna anayelisimamisha.

Tatu, kodi ya jengo ilipwe na mwenye jengo. Kama lazima ipite LUKU, sheria iseme wazi kwamba mpangaji anaikata kwenye kodi ya nyumba, bila kupiga magoti.

Nne, na hili halihitaji Bunge, halihitaji tume huru, halihitaji kibali cha polisi. Kila mwanachama wetu mwenye nyumba ya kupangisha aanze yeye. Atoe mkataba wenye wajibu wa pande zote mbili. Apokee kodi kwa miezi michache. Akiambiwa hita inapiga shoti, aizime siku hiyohiyo na alete fundi wiki hiyohiyo. Matawi yawe na utaratibu wa kusikiliza shauri la mpangaji dhidi ya mwanachama, na kikao kisiketi nyumbani kwa mlalamikiwa. Tunasema tunaweza kuendesha nchi ya mikoa 31. Tuanze na uani.

Na kwa nyie mliopanga, ambao ndio wengi wa wasomaji wa hapa: msiende mmoja mmoja. Mmoja anaitwa mkorofi. Wanne wanaitwa wapangaji. Andikeni barua, pigeni picha waya ulioungua, wekeni nakala ya risiti ya fundi. Usimkubalie fundi anayetibu breka inayokata kwa kuweka kubwa zaidi. Kabla hujalipa dalali, muulize ethi iko wapi, na kama hajui maana yake, ondoka.

Shauri letu liko baraza la kata. Kikao cha kwanza mzee hakuja. Cha pili hakuja. Cha tatu alikuja, akaniangalia, akasema, "Mwanangu, kweli umenifikisha huku?" Nilishindwa kumjibu, nikaangalia chini. Baadaye nilipotoka nje nilipata jibu, na kwa kuwa najua kuna kijana atakayemsomea makala hii, nalitoa hapa.

Shikamoo mzee. Sikukufikisha huku mimi. Nilikuja kwako mara nne. Ulinifundisha, kwenye ua wako mwenyewe, miaka ile ya kukutana kwa kujificha, kwamba mtu akipokea kodi yako na asikuhudumie, usimwogope, muulize. Nakuuliza.

Oktoba 14 mkataba wangu unaisha. Nina wiki nane, na sijapata hata nusu ya hela ya kuanzia kwingine. Bendera ikiwa bado iko getini siku hiyo nitaipigia saluti nikitoka na vyombo vyangu. Kisha nitarudi tawini Jumamosi inayofuata, kwenye kikao, na hoja yangu itakuwa ileile. Naomba iwekwe kwenye ajenda.